Darubini ya mawindo: Namba kubwa, kiini macho

Wiki hii tunaweka pembeni habari za mapenzi na viatu vya mwezi huu, tunapanda milimani. Barua imetoka Nkwenda, kule Kyerwa. Kijana wa miaka 24, fundi simu, anasema amejichanga mwaka mzima na mshiko umefika laki tatu. Anataka darubini "yenye nguvu kuliko zote" ya kupelelezea mawindo. Ameonyeshwa tatu. Moja imeandikwa 60x60, ya pili 20x50, ya tatu ni kadude kadogo kameandikwa 8x42 ambako anakaona ka kitoto. Anauliza: "Kaka, nichukue ipi nisije nikalizwa?"

Mdogo wangu, chukua ile ya kitoto.

Najua hapo umeguna. Kila mtu huguna. Mjini tumezoea kwamba namba ikiwa kubwa basi kitu ni bab kubwa: simu ya kamera nyingi, spika ya wati nyingi, pikipiki ya cc nyingi. Wauzaji wa darubini wanaujua ugonjwa wetu huo na ndiyo maana boksi linapigwa namba kama ya jezi. Sasa tulia nikueleze, maana laki tatu si pesa ya kuchezea, hasa kwa mtu anayeilipa kwa kuchokonoa simu za watu.

Zile namba mbili zina maana yake. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu. Ukiwa na 8x, mnyama aliye mita 400 unamwona kama vile amesimama mita 50 mbele ya macho yako matupu. Ukiwa na 10x anakuwa kama yuko mita 40. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ile inayotazama porini. Hiyo 42 ndiyo mlango wa mwanga. Mlango ukiwa mdogo na ukuzaji ukiwa mkubwa, picha inakuja kweli, ila inakuja na giza lake.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 unapata milimita 5 na kidogo. 42 kwa 10 unapata 4.2. 50 kwa 20 unapata 2.5. Hicho ndicho kipenyo cha kiduara cha mwanga kinachoingia kwenye mboni ya jicho lako. Mchana wa jua kali mboni yenyewe inajibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo darubini zote tatu zitakuridhisha pale dukani saa sita mchana. Ndiyo mtego wenyewe huo! Mnyama hatembei saa sita mchana. Anatembea alfajiri na magharibi, wakati mboni ya kijana kama wewe imefunguka milimita 5, 6, hata 7. Hapo 8x42 inakupa picha yenye mwanga zaidi ya mara nne ya ile 20x50. Mwenzako anaona swala, wewe unaona kivuli cha kitu.

Na hiyo 60x60? Kama namba ingekuwa ya kweli, kiduara chake kingekuwa milimita moja, tundu la sindano. Ila si ya kweli. Darubini nyingi za mkononi za bei ya chee zinazojiita 60x60, 80x80 au zaidi ya hapo, ukizipima zinakuza mara 8 au 10 tu, tena kwa lenzi mbovu. Yule jamaa hakuuzii darubini, anakuuzia boksi.

Halafu kuna mkono. Mkono wa binadamu hautulii, hata wa fundi simu. Moyo unadunda, pumzi inapanda na kushuka, na hapo umetoka kupanda kilima na mapafu yanapiga filimbi. Darubini inapokuza mnyama mara 20, inakuza na mtetemo wako mara 20. Nyamera anageuka kuwa mcheza disko. Kwa watu wengi mara 10 ndiyo mwisho wa mkono mtupu, na mara 8 ndiyo raha. Kuanzia 12 kwenda juu unahitaji stendi ya miguu mitatu, na sijaona mtu anayepanda vilima vya Karagwe na stendi begani akabaki na hamu ya kutazama chochote.

Kingine watu hawakisemi dukani: upana wa unachokiona. Kwa umbali wa mita 1,000, 8x42 ya kawaida inakufungulia dirisha la mita kama 130 hivi. 10x42 inafungua kama 110. 20x50 inafungua kama 60 au pungufu. Kupeleleza maana yake ni kutafuta kitu ambacho hujui kiko wapi. Sasa utatafutaje kwenye bonde la Mto Kagera kwa kuchungulia kwenye mrija?

Utaniambia, "Kaka, simu yangu inavuta mara 100." Inavuta, ndiyo. Lakini baada ya hatua za kwanza simu haivuti, inachora. Inakisia. Wewe ni fundi, unajua vizuri kuliko mimi.

Basi namba tumemaliza. Tuje kwenye neno moja la barua yako ambalo limenikosesha usingizi kidogo: mawindo. Mawindo gani, na wapi?

Kama unamaanisha Ibanda, hapo pana kimbembe. Ibanda na Rumanyika yalikuwa mapori ya akiba tangu miaka ya 1970, na kwenye pori la akiba mtu mwenye leseni na kitalu aliweza kuwinda. Mwaka 2019 mambo yaligeuka. Ibanda ikawa Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa, Rumanyika ikawa Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe, na kule kusini Burigi, Biharamulo na Kimisi yakaunganishwa kuwa Burigi-Chato. Zote ziko chini ya TANAPA. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna leseni ya kuwinda kwa mtu yeyote, awe na pesa za namna gani. Ukikutwa ndani bila kibali, una darubini shingoni na silaha mkononi, hakuna atakayekaa kusikiliza hadithi yako ya kujichanga. Utaitwa jangili, na jina hilo halifutiki kirahisi kijijini.

Nje ya hapo uwindaji upo, kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009. Unahitaji leseni inayotaja mnyama na eneo, na bunduki nayo ina leseni yake. Kuwinda usiku ni marufuku. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti ya darubini, nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize kwa mdomo wako ni wapi panaruhusiwa na nini kinaruhusiwa. Kuuliza ni bure.

Wazee wa huko watakwambia zamani haikuwa hivi, na ni kweli. Mwaka 1861 Wazungu wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, yule ambaye hifadhi imechukua jina lake. Speke akatoka na bunduki akawapiga faru palepale Karagwe. Faru! Leo mtoto wa Kayanga anamjua faru kwa picha ya kwenye noti.

Kilichotokea baadaye wasomaji wa umri wangu tunakikumbuka. Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi wakaingia Ngara, na Karagwe nayo ikapata makambi yake. Watu wale walikuwa wamekimbia kifo, hawakuja kutalii. Walihitaji kuni za kupikia na kitoweo cha kupika, na mapori ndiyo yalikuwa jirani. Wajanja wenye silaha nao wakaona soko. Mpaka wengi waliporudishwa kwao Desemba 1996, mapori ya Kagera yalikuwa yamenyonyolewa, na wanyama waliosalia walikuwa wamejifunza kwamba binadamu ni habari mbaya. Mnyama aliyefundishwa hivyo hakusubiri mita 50. Akikusikia tu, kwaheri. Ndiyo maana kwenye vilima hivi darubini si pambo la shingoni. Bila darubini utarudi unasimulia mikia.

Ng'ambo ya mto wenzetu wamesharudisha. Hifadhi ya Akagera ya Rwanda ilirejeshewa simba mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017. Upande wetu Ibanda kuna nyamera, swala pala, kuro, na viboko kwenye mto. Sasa fikiria, mdogo wangu. Hifadhi mbili mlangoni kwenu, wageni wameanza kuulizia, na vijana wanaojua kumwona mnyama kabla mgeni hajamwona ni wa kuhesabu. Yule anayesema "tazama pale, kushoto kwa kichuguu, sikio linachezacheza" ndiye anayepewa bakshishi. Darubini ni ileile, kupeleleza ni kulekule, ila huku unalipwa na kule unafungwa. Mimi nakupa tu hesabu, wewe ndiye mwenye laki tatu.

Na kwa yule mwenye leseni halali anayesoma hapa akitabasamu, ninalo neno na wewe pia. Kuna wawindaji wanaodharau darubini kwa sababu bunduki yao ina lenzi juu. Wanaona kitu kimetikisika kichakani, wanainua bunduki "waangalie". Hebu simama hapo. Ukiangalia kwa lenzi ya bunduki, mdomo wa bunduki umekwisha muelekea unayemwangalia. Karagwe na Kyerwa si jangwa. Vichakani kuna mama anakata nyasi za kutandaza, kuna mtoto anachunga ng'ombe wa pembe ndefu, kuna mtu anatafuta kuni. Koti la kahawia nyuma ya majani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, linafanana na pongo kuliko unavyofikiri. Darubini ndiyo ya kuulizia "huyu nani?" Bunduki inabaki begani hadi jibu lipatikane. Hapa darubini yenye mwanga mzuri inaokoa roho ya mtu, na kwa hilo sina utani.

Haya, turudi dukani na zile laki tatu.

Darubini zina maumbo mawili. Kuna zile pana zenye mabega, lenzi za mbele zimeachana kuliko za machoni, kama darubini za maafande kwenye sinema. Na kuna zile nyembamba zilizonyooka kama mirija miwili. Zilizonyooka zinapendeza na zinakaa vizuri mfukoni, lakini kuzitengeneza vizuri ni kazi ya gharama. Zenye mabega ni muundo wa zamani, asili yake ni Mwitaliano Ignazio Porro katikati ya karne ya 19, na kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ikaziingiza sokoni mwaka 1894. Kwa pesa ndogo, zenye mabega zinakupa picha safi kuliko zilizonyooka za bei hiyohiyo. Kubali kuonekana mshamba kidogo.

Majina? Nikon wana Aculon A211, zipo 8x42 na 10x42, zenye mabega, huko nje zinauzwa kama dola 100 hivi, yaani laki mbili na nusu za kwetu kwa makadirio. Olympus ya 8x40 iko kwenye kundi hilo. Ubaya wao ni mmoja: hazijazibwa maji. Ukiongeza kidogo unakutana na Celestron Nature DX 8x42 na Vortex Crossfire HD, hizi zimezibwa na kujazwa gesi ndani ili zisifanye ukungu. Ukiagiza nje kumbuka usafiri na ushuru, usije ukalia njiani. Za Kijerumani na Kiaustria zinazofika dola 2,000 na zaidi tuwaachie wageni wa kwenye vitalu. Utazishika wakikuazima.

Ukikutana na ya Kirusi ya zamani, zile za chuma, ya 7x50 au 8x30, usiipite kama takataka. Ikiwa safi ndani ni mali. Ila ile Tento 20x60 ina zaidi ya kilo moja na itakurudisha kwenye disko la nyamera.

Sasa namna ya kumpima muuzaji bila kumwambia unampima. Ishike darubini mbali na uso, urefu wa mkono nusu, uielekeze kwenye mwanga. Utaona viduara viwili vyeupe kwenye vioo vya machoni. Viduara viwe mviringo kamili. Ukiona kingo zimekatwa kama za almasi, zimefanya kivuli cha kijivu, vioo vya ndani ni vya bei ya chini. Kwenye boksi la nzuri huwa kumeandikwa BaK-4, lakini boksi linaweza kudanganya, kiduara hakidanganyi.

Kisha igeuze, tazama lenzi ya mbele chini ya taa. Taa ikijirudi humo kwa rangi ya kijani au zambarau iliyofifia, lenzi zimepakwa dawa ya kupitisha mwanga. Ikijirudi nyeupe pee kama kwenye kioo cha dirisha, mwanga wako unapotelea hapo. Maneno ya kutafuta ni "fully multi-coated", kwamba kila kioo kimepakwa tabaka nyingi. Likiandikwa "coated" peke yake, ujue wamepaka kimoja wakajisifia. Na zile lenzi nyekundu zinazong'aa kama macho ya paka, zilizotesa sana miaka ya 1990, achana nazo kabisa. Zinarudisha mwanga mwekundu nje na kukuachia picha ya kijanikijani. Uzuri wake ni kwa anayekutazama wewe.

Toka nje ya duka, usikubali kupimia ukutani. Tafuta maandishi ya mbali, kibao au bango, soma kwa macho mawili. Ukiona herufi zina pacha, au kichwa kinaanza kuuma baada ya dakika mbili, mirija haijalingana. Rudisha pale pale. Tikisa karibu na sikio, kitu kisigonge ndani. Zungusha gurudumu la katikati, lisiwe laini kama limelegea wala gumu kama boliti ya trekta. Ukivaa miwani, hakikisha vile vikombe vya mpira vinakunjika na bado unaiona picha yote, siyo katikati tu.

Zile zenye kiswichi cha kuvuta kutoka 10 hadi 30, au hadi 50? Hapana. Zinabana dirisha, zinaleta giza, na kiswichi ndicho cha kwanza kufa. Zile zinazosema hazihitaji kurekebishwa picha, hapana pia.

Na usiuze kahawa ya baba kwa butura ili uongezee pesa. Nimesikia kuna vijana wanakubali bei ya kutupa kahawa ikiwa bado maua, kisa wameona kitu dukani. Darubini ipo mwaka huu na mwakani itakuwepo.

Umeshanunua? Sasa jifunze kuitumia, maana wengi hawajui hata hili. Kwenye kioo cha kulia kuna pete ndogo inayozunguka. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa mkono, tazama kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka picha ikae. Halafu ziba ya kushoto, tazama kwa kulia, safari hii zungusha ile pete peke yake. Ikikaa, iweke alama kwa kalamu. Macho yako mawili hayalingani, hakuna mtu ambaye yake yanalingana kabisa, na pete ile ndiyo inayowapatanisha. Nimeona watu wamekaa na darubini miaka mitano hawajawahi kuigusa, wanalaumu kiwanda.

Kwa wale wa Dar wanaopanga kupanda huko, jueni kwamba Kagera jua linachelewa. Saa ni moja nchi nzima, lakini Karagwe iko magharibi kabisa, kwa hiyo jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi. Ukungu wa bondeni nao una ratiba yake, hauondoki kwa sababu wewe umeamka mapema. Muda mzuri ni ule wa kati, ukungu unapoanza kunyanyuka na jua halijachemsha nyasi. Ikigonga saa nne hivi, hewa ya joto inaanza kucheza juu ya ardhi, na hapo darubini ya nguvu inakuza joto badala ya mnyama. Kaa kivulini ule ndizi zako mpaka saa kumi.

Usisimame. Keti, egemeza mgongo kwenye kichuguu au mti, viwiko juu ya magoti. Tafuta kwanza kwa macho matupu, halafu inua darubini bila kuondoa macho pale ulipotazama. Usiifagie milima kama unapunga bendera. Gawa kilima vipande, kila kipande kipe muda wa kuhesabu hadi kumi, ndipo uhamie kingine. Na usitafute mnyama mzima. Mnyama mzima anaonekana kwenye kalenda. Tafuta sikio, mkia, mstari wa mgongo uliolala katikati ya shina zilizosimama. Nyamera mwenyewe ana mtindo wa kupanda juu ya kichuguu na kusimama kama mlinzi. Ukimwona hapo, elewa kwamba naye anakupeleleza, tena ameanza kabla yako.

Jua likiwa mbele yako, shusha darubini. Kulitazama jua kwa darubini, hata sekunde moja, ni kuunguza jicho, na jicho lililoungua halina spea. Vilevile lenzi zinapiga kimulimuli juani, mnyama anakiona toka ng'ambo ya bonde.

Na kule Murongo, au popote mtoni ambapo ng'ambo ni nchi ya watu, usisimame unaelekeza darubini kwenye vituo vya mpakani wala kwenye makambi ya maafande. Wewe unajua unatafuta kiboko. Askari hajui.

Ukirudi nyumbani, usifute lenzi kwa fulana. Vumbi jekundu la huko ni mchanga, ukilisugua unachora. Puliza kwanza, au tumia brashi laini, kisha kitambaa cha kufutia miwani. Ikiloa, ianike kivulini, isije ikawekwa juu ya jiko. Na ikianza kuonyesha pacha baada ya kuanguka, wewe fundi simu najua mkono utawasha kushika bisibisi. Acha. Ile si simu. Vioo vya ndani vikisogea unene wa unywele tu, kuvirudisha kunataka mashine. Ipeleke kwa fundi wa kamera.

Barua za wiki ijayo zinazungumzia baiskeli za mtumba, tayari zimejaa mezani. Kijana wa Nkwenda, ukishanunua niandikie umeona nini, ila uniandikie ukiwa nje ya hifadhi au ndani na kibali mkononi.